Kaburi Lililolinda Ufukwe

Shemeji yangu Ladislaus hakuwahi kuvaa shati la mtumba bila kulinusa kwanza. Hakuwa akitafuta jasho, alikuwa akimtafuta mwenye shati. "Mtu mzima anavua shati zima, vifungo vyote vipo, halafu analituma mpaka Liuli," alikuwa akisema. "Huyo ama amekufa, ama ana jambo." Akishanusa alilivaa, tena miaka, mpaka kola inakatika. Hakuwa mtu wa kukataa kitu. Alikishuku huku anakitumia.

Nimemwoa dada yake, Bonifasia, kwa hiyo ninayo haki ya kumsema. Mimi ni Mmatengo wa Ukata, mtu wa kahawa na milima, niliyeteremka ziwani kwa sababu ya mwanamke nikabaki kwa sababu ya samaki. Wanyasa wa kitongoji chetu, kusini kidogo ya Liuli, wananiita Mtu wa Mlimani mpaka leo, na nikipanda mtumbwi wanaushika pande zote mbili kana kwamba wanapakia ng'ombe. Mchezo huo aliuanzisha Ladislaus. Nimesubiri muda mrefu kupata zamu yangu.

Lakini kwanza tumtendee haki, kwa sababu shaka yake ilikuwa na asili. Mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya vijiji, familia za ufukweni ziliambiwa zihamie juu, kwenye mwinuko wa kanisa, kwa faida yao wenyewe. Huko kungekuwa na bomba la maji, zahanati na barabara. Baba yao, mzee Ildefonsi, alisema hawezi kuhamia kwenye bomba akaacha ziwa. Lori likaja, vijana wasiomjua wakapanda juu ya nyumba yake na kufumua nyasi za paa mbele ya macho yake. Bomba halikufika. Mzee alikuwa mvuvi tangu utoto, na kule juu kazi yake ikawa kukaa kwenye kigoda akilitazama ziwa kwa mbali. Haukupita muda mrefu akafa, wakamzika nyuma ya kanisa. Ladislaus, wakati huo kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota, alibeba jeneza la baba yake, akateremka, na tangu hapo akauchukia mwinuko ule. Hata misa ya Jumapili aliisikilizia mlangoni, na padre akimaliza tu kubariki, yeye alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi.

Zilipokuja zama za ruksa na amri kulegea, alikuwa wa kwanza kurudi chini. Alikwenda na mke wake Ida na mama yake, bibi Hildegardi. Bahati ilimpendelea. Miaka ile ziwa lilikuwa linarudi nyuma, kila kiangazi hatua kadhaa, na kwa desturi ya hapa kiwanja cha ufukweni kinaishia majini. Maji yakirudi nyuma, kiwanja kinayafuata. Kwa hiyo Ladislaus alikuwa anaongezewa ardhi akiwa amelala. Alipanda migomba mahali ambapo baba yake alikuwa anaegesha mtumbwi, akaweka chanja za kukaushia usipa, hao dagaa wetu wadogo, na mwishowe akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale ambapo zamani mtu mrefu angesimama maji yakamfika shingoni.

Mama yake hakuifurahia nyumba ile. "Maji yamekwenda kutembea," alimwambia. "Mtu akienda kutembea, huendi kulala kwenye kitanda chake." Ladislaus alicheka, akampa chumba chenye dirisha la kutazama ziwa. Bibi Hildegardi alilala katika chumba hicho, lakini vyombo vyake vyote alivifunga katika furushi la khanga nyuma ya mlango, tayari kwa safari, na hakuna aliyeweza kumfanya avifungue.

Mwaka uliofuata zile mvua kubwa za El Nino tulipata wageni wawili, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza.

Wa kwanza alikuja kwa boti ya injini, amevaa kofia pana. Alishuka kwenye ufukwe wa Ladislaus bila kubisha hodi, akachota mchanga, akautia katika mfuko mdogo wa nailoni, akamuuliza Ida eneo hili ni la nani na linaanzia wapi. Kisha akasimama ukingoni mwa ziwa lote lile la maji matamu, akanywa maji ya chupa. Hilo la chupa ndilo lililomchoma Ladislaus kuliko mchanga. "Mtu analiogopa ziwa," alisema, "ufukwe anautakia nini?" Tulikuwa tunasikia kwenye redio habari za wawekezaji, hoteli na fukwe zinazozungushiwa uzio. Hatukuhitaji kufundishwa kujumlisha.

Wa pili alikuja siku chache baadaye kwa gari la mradi. Jina lake Urbani, mtaalamu wa maji, mzaliwa wa Mbinga mjini, mpole, mwenye tabia ya kumwamkia hata mzee aliyelala. Alisimika nguzo yenye namba ndani ya maji. Halafu vibarua wake wakapigilia vigingi vyeupe nchi kavu, kuonyesha maji yalifika wapi mwaka wa themanini, ziwa lilipojaa mara ya mwisho. Vigingi vilipita nyuma ya nyumba ya Ladislaus, mbali kabisa, vikakata shamba la mihogo la mwenyekiti wetu wa kitongoji, Nazari, kisha vikapinda na kuiacha nyumba ya mwenyekiti upande wa salama. Nyumba ya Nazari iko juu ya mwamba, hata mtoto anajua. Lakini Ladislaus alivifuata vigingi vile kimoja kimoja, mikono nyuma, na alipofika kwenye ile kona akasimama.

"Shemeji," aliniambia, "maji gani haya yanayomfahamu mwenyekiti?"

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Urbani alieleza vizuri, lazima niseme. Alisema dunia inapata joto, kwamba kuna barafu nyingi sana pande za juu na za chini za dunia na inayeyuka, bahari zinapanda na kula pwani. Alitaja kisiwa kidogo karibu na Pangani ambacho kimebaki fungu la mchanga, linaonekana bahari ikitoka na kupotea ikijaa. Ziwa letu si bahari, alisema, lenyewe linanenepa na kukonda kwa mvua. Ila mvua nazo zimeanza kuja kwa fujo, na sasa hivi ziwa limekonda sana, na sisi tumejenga mahali pake. Aliomba familia zilizo chini ya vigingi zianze kuhamia juu taratibu.

Aliposema juu, nilimwona Ladislaus ananyanyuka.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mtaalamu, karibu kwetu. Nina maswali madogo tu. Hiyo barafu iko mbali?"

"Mbali sana, mzee."

"Itafikaje hapa? Itapanda basi la Songea?"

Darasa zima likacheka, na Urbani naye akacheka. Alikosea, maana Ladislaus alikuwa anangoja acheke.

"Haya. Huo moto uliochemsha dunia, aliuwasha nani?"

Urbani angeweza kudanganya, hakudanganya. "Kwa sehemu kubwa ni nchi za viwanda, mzee. Sisi mchango wetu ni mdogo."

"Na wanaoambiwa wahame ni nani?"

Hapo kicheko kilikatika. Ladislaus akatugeukia sisi, akamwacha mtaalamu nyuma yake. "Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa kwa sababu ya maendeleo. Leo tunahamishwa kwa sababu ya barafu. Sababu zinabadilika, ndugu zangu. Pa kuhamia ni palepale." Kisha akamgeukia tena Urbani. "Swali la mwisho. Yule mwenzako wa kofia, yeye atahamia lini hapa chini, sisi tukishaondoka?"

"Mzee wangu, huyo mimi simfahamu."

"Nilijua utasema hivyo," akasema Ladislaus, akaketi.

Nitasema ukweli, nilimpigia makofi. Mantiki yake ilikuwa imenyooka: mmoja anatisha, mwingine ananunua. Hata leo sijui jibu la lile swali la nani aliwasha moto na nani anahama. Aliyesimama kumpinga alikuwa mtu mmoja tu, mke wangu. Bonifasia alisema, "Kaka, umeuliza vizuri. Lakini maji yakija hayataanza kuuliza aliyewasha moto ni nani." Wanaume wa nyuma wakamwambia aketi, mambo haya ni ya ardhi. Hakuna aliyehama, na Urbani akaondoka na gari lake akisindikizwa na watoto.

Kutoka siku hiyo Ladislaus aliupa ufukwe wake ulinzi kamili. Kila injini iliyosikika ziwani ilimtoa nje. Alisimamisha kilimo cha juu ili asiwe mbali na nyumba. Tena akawa ananiuliza mimi na kila mtu habari za kesi za ardhi, yupi alishinda shamba, yupi alishindwa, na kwa nini. Kwetu, kama sehemu nyingi za nchi hii, kaburi lina uzito kuliko karatasi. Mwenye karatasi anaweza kuambiwa imepitwa na wakati. Mwenye kaburi la wazazi, hata hakimu huanza kukohoa kabla ya kumwambia ondoka. Na Ladislaus hakuwa na kaburi kule chini. Baba alikuwa juu.

Sisemi alimwombea mama yake kifo. Alimpenda. Bibi Hildegardi alipozidiwa alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Liuli, na alipoambiwa ni uzee, amrudishe nyumbani, alimrudisha mgongoni vilevile, akimsimulia njiani habari za samaki. Siku zake za mwisho sote tulikuwa chumbani. Bibi alizungumza bila kuhangaika, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Mtanipeleka juu kwa baba yenu. Amekaa peke yake vya kutosha. Na mimi nimechoka na harufu ya usipa." Bonifasia akaitika, "Ndiyo, mama." Ladislaus alikuwa dirishani. Kulikuwa na injini inapita ziwani, akawa anaitazama mpaka ikapotea.

Mama alifariki asubuhi, na nilipofika mchana nikakuta vijana wanachimba ufukweni, kati ya nyumba na maji, karibu na migomba.

"Mama alisema juu," Bonifasia alimwambia kaka yake mbele ya waombolezaji wote.

"Mama alikuwa na homa."

"Homa gani? Alijua mpaka majina ya wajukuu wake wa Ukata."

"Dada, mimi ndiye mkubwa. Mama atalala kwake. Hakuna mtu atakayejenga hoteli juu ya mama."

Ndipo wote tukaelewa. Padre Antoni alisita, akamvuta pembeni, wakazungumza, lakini joto la ziwani halimngojei maiti, na jioni ile bibi Hildegardi akashushwa mchangani katika jeneza zuri la mninga. Baada ya arobaini Ladislaus akajenga msalaba wa saruji mrefu kuliko msalaba wowote tulionao. Hakuuelekeza kwenye njia, ambako watu wanapita, bali ziwani. Jina la marehemu aliliandika kwa herufi kubwa mno, ili mtu wa kofia alisome akiwa bado kwenye boti.

Bonifasia hakumsalimia kaka yake tangu siku hiyo. Alipikia watu wa nyumba ile walipougua, chakula nikapeleka mimi, maneno nikapeleka mimi, na yale yaliyozidi ukali nikayapoteza njiani. Nilimuuliza mara moja kama hawezi kusamehe. Akanijibu kwamba angemsamehe kama angekuwa amemnyima yeye mwenyewe. Amemnyima mama, na mama hayupo wa kumuuliza.

Mvua za msimu uliofuata zilikuwa nzito. Ziwa likapanda, likala chanja za mbele. Ladislaus akazisogeza nyuma. Akasema si barafu wala joto, ni watu wa ng'ambo wamefunga mahali maji ya ziwa yanapotokea. Msimu mwingine ulipokuja maji yakaingia kwenye migomba, majani yakawa ya njano, na asubuhi tukawa tunaokota samaki wadogo mahali tulipokuwa tunaota jua. Majirani wakaanza kuhama kimyakimya, bila mkutano. Ukiwauliza walisema wanakwenda kumsalimia ndugu kule juu, na huku mtu amebeba mlango wa nyumba kichwani. Ida hakubishana na mume wake. Alibeba masufuria na kinu, akapanda mpaka kwetu, juu ya vigingi, akaniambia, "Shemeji, nimekuja," akaanza kutwanga. Ladislaus alibaki peke yake na kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali.

Yule wa kofia hatukumwona tena. Kwa Ladislaus hiyo ilikuwa dalili mbaya kuliko zote.

Nilijaribu kusaidia kwa njia ya kwetu. Sisi Wamatengo tunajua kuzuia maji. Tunachimba ngolo, yale mashimo ya milimani yanayokamata mvua isiondoke na udongo, na babu zetu wameishi kwa hayo. Nikachimba mashimo na matuta kuzunguka kaburi la mama mkwe wangu kutwa nzima. Wimbi la kwanza liliyajaza, la pili likayasawazisha, na wavuvi waliokuwa wakitazama wakaniuliza kama nimepanda maharage. Mchanga si udongo wa Ukata.

Padre alikuwa ameshasema: mhamisheni mama, lakini tafuteni kwanza kibali wilayani, maana kaburi halifukuliwi kama muhogo. Nilimsumbua Ladislaus mpaka akakubali. Tukaenda Mbinga, yeye amejifunga koti la mtumba kwa baridi ya huko, nyusi zimekunjamana tangu tulipopanda gari. Ofisini tulipokewa na mama mmoja wa makamo, mtu wa heshima, akatukaribisha viti, akatupa pole. Akaanza kuuliza maswali na kuandika: jina la marehemu, uhusiano, mahali pa sasa, mahali pa kwenda. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na kaburi likishahama, eneo litabaki kwa matumizi gani?"

Ladislaus akasimama. Akamshukuru yule mama kwa adabu zote, akatoka. Nilimkuta nje, anafunga vifungo vya koti.

"Umesikia, shemeji."

"Nimesikia swali la ofisini. Kila anayekwenda pale anaulizwa."

"Matumizi. Mama hajatoka ardhini, wao wameshafika kwenye matumizi."

Nilikasirika. Nimekuwa mtu wa utani na shemeji yangu miaka yote, lakini siku ile sikutania. Nilimwambia, "Mama yako anazama, na wewe unapekua maswali ya karani." Tulirudi, na tulipoanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay, ziwa likatokea mbele yetu limejaa, linameta, yeye akageuza uso upande wa milima. Nilijua anaogopa. Aliogopa maji kama sisi wengine, ila alimwogopa zaidi mtu ambaye angekuja maji yakishaondoka. Akimtoa mama, ufukwe unabaki wazi. Akimwacha, ziwa linamchukua. Alitaka mtu amwambie kuna njia ya tatu, na sikuwa nayo.

Wiki iliyofuata upepo wa kusini ulivuma usiku kucha. Nilipoamka Bonifasia hakuwepo, wala jembe. Sikuhitaji kumuuliza Ida, niliteremka mbio. Nilimkuta kaburini, maji yanamfika kwenye mashavu ya miguu, khanga ameifunga juu ya magoti. Msalaba ulikuwa umeinama. Alikuwa anachimba, akitupa mchanga upande wa ziwa, na kila wimbi lilimrudishia nusu.

Ladislaus alitoka nyumbani kwake wakati huohuo. Hakukimbia. Alisimama kwenye kibaraza, ambacho kilikuwa kimeshapasuka, akamtazama dada yake ambaye alikuwa hajazungumza naye kwa muda wote ule. Nilimwona anatafuta, nilimfahamu vizuri, alikuwa anatafuta nani yuko nyuma ya jambo hili.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Bonifasia aliendelea kuchimba.

"Yule mtaalamu? Mwenyekiti? Bonifasia, nakuuliza, nani amekutuma?"

"Mama," akasema. Akanyooka, mkono kiunoni, amelowa mpaka kifuani. "Alinituma mbele yako, kaka. Ulikuwepo chumbani. Ila wewe ulikuwa unasikiliza injini."

Midomo ilimchezacheza Ladislaus kama mtu anayetaka kuuliza swali jingine, na swali halikupatikana. Kisha akateremka kwenye kibaraza, akaingia majini na viatu vyake, akampokea dada yake jembe mkononi, akaanza kuchimba. Alichimba vibaya, kwa hasira, mchanga unamwingia machoni. Nikaenda kuwaita watu.

Walikuja wengi, hata wale waliokuwa wanahamisha vitu vyao. Jeneza la mninga lilikuwa bado zima, lakini mchanga uliolowa ulilishika likawa halinyanyuki. Ndipo mvuvi mmoja akaleta kamba za kokoro, ule wavu wa kuvutia ufukweni. Tukazipitisha chini yake, tukagawanyika pande mbili kama watu wanaovuta wavu, na watu wakaanza kuvuta kwa mwito uleule wa kuvutia samaki, maana hawajui kuvuta kimya. Mwenyekiti Nazari alifika katikati ya shughuli. Tukaacha kuvuta, tukijua hatuna kibali. Yeye akatazama kaburi, akatazama ziwa, akasema amekuja kumtafuta mbuzi wake, akatugeuzia mgongo na kukaa hivyo mpaka tulipomaliza.

Urbani naye alikuwa hapo, alikuwa amekuja kuangalia nguzo yake, ambayo sasa ilibakia kichwa tu juu ya maji. Hakusema neno kuhusu vigingi. Alisema tu kwamba gari lipo na njia ya mwinuko inateleza. Ladislaus alilizunguka lile gari. Alichungulia ndani, akainua turubai akachungulia chini yake. Mwishowe akafungua mlango wa nyuma yeye mwenyewe, akasema, "Taratibu, asigongwe," na mama yake akapandishwa.

Juu, nyuma ya kanisa, mahali palikuwa pameshaandaliwa. Sikujua, na mimi ni mume wake: Bonifasia alikuwa amewalipia vijana soda wachimbe tangu juzi. Nyasi zilikuwa zimefyekwa eneo lile lote, kwa mikono yake, kwa miaka, siku za Jumamosi alizoniambia anakwenda kufagia kanisa. Padre Antoni alisali. Bibi Hildegardi akashushwa mara ya pili, tukafukia, udongo mwekundu mzito ambao hakuna wimbi litakaloufikia. Huko chini ukuta wa nyumba ya Ladislaus ulianguka wakati huohuo, tuliusikia, na baadhi ya watu wakageuka kutazama. Yeye hakugeuka.

Padre aliuliza kama familia ina neno. Ladislaus akasogea mbele. Viatu vyake vilikuwa vinatoa maji kila anapokanyaga. Alisimama hapo, kando ya udongo mpya, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama kwanza nani yuko nyuma yake.

"Mama," alisema. "Nilikuweka kule uwe mlinzi. Kazi hiyo hukuiomba. Nilimwogopa mtu nisiyemjua kuliko nilivyokuheshimu wewe uliyenizaa. Nakuomba unisamehe."

Akaanza kulia, bila kuficha uso, mtu mzima yule. Bonifasia alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, analia pia, lakini macho yake hayakuwa usoni kwa kaka yake. Yalikuwa miguuni pa Ladislaus, kwenye kipande kidogo cha ardhi tambarare, kilichofyekwa vizuri, kisicho na msalaba tena kwa sababu mchwa waliumaliza zamani.

"Atakusamehe, kaka," alisema. "Ila sogea kidogo. Umesimama juu ya baba."

Ladislaus akatazama chini, mguu mmoja ameuinua, asijue auweke wapi.